Maji Hayang'oi Jiwe, Yanakula Tandiko

Hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi, vikundi vya vijana na wakazi, Dagoretti, Nairobi, majuma machache kabla ya masika. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliofunga kazi mapema ili mje hapa, hamjambo? Asanteni kwa kunipokea. Nimeambiwa wengi wenu mmepata kazi ya kuchimba mitaro na kupanga mawe kabla mvua ya mwezi wa tatu haijafika, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi. Nimekuja na mtaimbo, ndoo ya maji, mizani ya kuning'iniza, nyundo na mawe mawili. Vyote vina kazi.

Naanza na mtaimbo.

Nilipokuwa injinia mchanga nilisimamia mtaro wa mawe kwenye mteremko mmoja upande huu wa magharibi wa Nairobi. Ulikuwa na urefu wa mita 180, ukishuka kati ya mashamba ya sukumawiki na safu ya nyumba za mabati. Mawe yalikuwa ya kijivu, magumu, yamepangwa na fundi hodari hata ungeona haya kuyakanyaga. Michoro ilisema chini ya mawe kuwe na tandiko la kokoto la sentimita 15. Kokoto haikufika. Mkandarasi akaniambia lori limekwama, siku zinakwisha, mvua iko mlangoni, tupange mawe juu ya udongo moja kwa moja kwa kuwa udongo wenyewe ni mgumu kama tofali. Nikaukanyaga kwa kisigino. Kweli ulikuwa mgumu. Nikatia sahihi.

Masika yakaja. Wiki tatu za kwanza mtaro ulipendeza, maji yanashuka, watu wanashukuru. Jumamosi ya nne nikamkuta yule fundi ananingoja kando ya mtaro, mtaimbo begani. Akasema, "Injinia, njoo usikie." Akaelekeza ncha ya mtaimbo kwenye mwanya kati ya mawe mawili, akaulegeza mkononi. Mtaimbo wa mita moja u nusu ukazama wenyewe, polepole, mpaka ngumi yake ikagusa jiwe. Haukugonga kitu. Tulipouvuta nje ulikuwa unachuruzika tope jekundu kuanzia ncha hadi katikati. Chini ya mawe yale mazuri hapakuwa na udongo tena. Palikuwa na pango, na mawe yalikuwa yamesimama kwa kubanana mabega tu, kama abiria wa matatu ya jioni.

Siku nne baadaye, mita 40 zilianguka usiku mmoja. Maji yakahama njia, yakala ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mmoja aliyeuza mboga pale, yakabeba choo chake na banda lake la kuku. Yeye na watoto walikuwa wamelala kwa dada yake usiku ule, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Asubuhi nilipofika nikakuta mawe yangu yote yapo. Yamelala chini kwenye korongo, mazima, hakuna lililovunjika, hakuna lililokwenda mbali.

Ndiyo maana nimekuja. Mitaro ya mawe iliyoharibika ambayo nimeitembelea tangu siku ile, mingi sana haikushindwa kwa sababu maji yaling'oa jiwe. Maji yalikula kilichokuwa chini ya jiwe, au yalikula pale mawe yanapoishia, na jiwe likafuata. Sisi fedha yetu na macho yetu tunayaweka kwenye uso wa mtaro, mahali ambapo mgeni rasmi atapigwa picha. Nataka tuyageuze.

Nieleze pango lile lilichimbwaje. Maji ya mvua yakipita juu ya mawe hayapiti juu peke yake. Sehemu yake inaingia katika mianya, inatembea chini kwa chini, inagusa udongo. Mkondo una msukosuko, unasukuma na kunyonya, unasukuma na kunyonya, na kila ukinyonya unatoka na chembe kidogo. Halafu kuna saa mbaya zaidi ambayo wengi hatuifikirii: mvua inapokatika. Mtaro umepungua maji, lakini kingo zimelowa mpaka ndani, na yale maji yaliyolowa yanatafuta njia ya kurudi mtaroni. Yanatoka yakipitia nyuma ya mawe, yakiongozana na udongo. Kwa hiyo mtaro unaweza kuliwa usiku wakati mvua imekwisha na nyinyi mmelala mkidhani umenusurika.

Dawa yake ni tandiko linalochuja. Wazo ni jepesi: kila tabaka liwe na matundu madogo kiasi kwamba tabaka lililo chini yake halipenyi, lakini maji yanapenya. Udongo usipite kwenye mchanga, mchanga usipite kwenye kokoto, kokoto isipite kwenye mawe. Karl Terzaghi, aliyeijenga elimu ya mekanika ya udongo karne iliyopita, aliliwekea jambo hili kipimo ambacho bado tunakitumia. Kwa wanafunzi waliopo: chukua ukubwa wa chembe ambao asilimia 15 ya tabaka la juu ni ndogo kuliko huo, linganisha na ukubwa ambao asilimia 85 ya tabaka la chini ni ndogo kuliko huo. Wa kwanza usizidi wa pili mara 5. Mkiweka mawe makubwa moja kwa moja juu ya udongo wetu mwekundu, mmezidisha si mara 5, mmezidisha mara mamia.

Kwa fundi asiye na maabara karibu, kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja u nusu, igeuze mdomo chini. Weka kokoto mliyoletewa, juu yake weka udongo wa pale pale mnapochimba, kisha mimina maji taratibu. Maji ya kwanza yatatoka machafu, hayo ni kawaida. Yakiendelea kutoka mekundu mpaka udongo unabonyea katikati, kokoto hiyo peke yake haitoshi, mnahitaji mchanga wa chenga kubwa katikati. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini kimeniokoa mara kadhaa kubishana na mtu.

Siku hizi kuna kitambaa cha kuchujia, kile cheusi au cheupe kinachouzwa kwa mabunda. Ni kizuri na kinaokoa malori ya mchanga. Lakini kina masharti. Kilale kikigusa udongo kila mahali, bila kuning'inia juu ya mashimo, maana chini ya kitambaa kinachoning'inia maji yanapata barabara yao. Vipande vilaliane angalau sentimita 30, na kile cha juu ya mteremko kiwe juu ya kile cha chini, kama mnavyopandanisha mabati ya paa. Na tafadhali, msimwage mawe kutoka kwenye lori juu ya kitambaa. Jiwe la kilo 30 likianguka kutoka juu linakitoboa, na tundu moja linatosha. Tandazeni kwanza tabaka jembamba la kokoto juu yake, kisha mawe yateremshwe kwa mkono.

Sasa ukubwa wa jiwe. Hapa nimesikia kila aina ya jibu. Mmoja anasema mawe ya ukubwa wa kichwa, mwingine anasema ya kubebwa na mtu mmoja. Maji hayajui kichwa cha mtu. Kuna hesabu, na ni fupi kuliko mnavyodhani.

Chukua kina cha maji mtaro ukijaa, kwa mita. Zidisha kwa mteremko. Zidisha kwa 1,000. Jibu ni kilo ambazo maji yanavuta kila mita mraba ya sakafu ya mtaro kuelekea bondeni. Tuseme njia yenu inashuka mita 4 katika kila mita 100. Mteremko huo ni 0.04. Maji yakifika kina cha sentimita 40, yaani mita 0.4, mnapata 0.4 mara 0.04 mara 1,000, ni kilo 16 kwa kila mita mraba. Mteremko msiukadirie kwa macho. Chukueni ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi wanautumia kusawazisha msingi, kamba na futi, mtaupata bila kukodi mtu.

Upande wa pili wa mizani kuna jiwe. Mwaka 1936 Mmarekani mmoja, Albert Shields, aliyekuwa akisomea Berlin, alichapisha kazi yake juu ya hili: mkondo ukifika nguvu gani ndipo chembe iliyolala chini inaanza kutembea. Wahandisi waliomfuata wakaifanya hesabu ya kazini. Kwa mtaro usiozidi mteremko wa mita 5 kwa 100 na mawe mazito ya kawaida, inatua hivi: kina mara mteremko mara 13. Kwa mtaro wetu, 0.4 mara 0.04 mara 13 ni mita 0.21. Jiwe la katikati katika lundo lenu, lile ambalo nusu ya lundo ni kubwa kulipita na nusu ni dogo, liwe la sentimita 21. Ongezeni robo kwa ajili ya usalama, kwani mvua haisomi michoro, mnafika sentimita 26 au 27.

Kwenye kona ongezeni zaidi. Maji yakipinda yanabamiza ukingo wa nje, na kona kali inaweza kuzidisha nguvu hata mara 2.

Hapo nimesema "mawe mazito ya kawaida". Sasa njooni karibu, nyinyi wa nyuma pia, muone ndoo.

Jiwe hili la kwanza ni la kijivu, la volkano, namna ile inayosagwa kokoto. Nalipima hewani: kilo 5.2. Naliteremsha ndani ya maji likiwa bado linaning'inia: mizani inasema 3.2. Limepoteza kilo 2. La pili ni jiwe la kujengea, la kukatwa kwa mashine, kama yaliyojengea kuta za ukumbi huu. Hewani, kilo 4. Nalizamisha... mnaona vipovu vinavyotoka? Linakunywa maji. Mizani inasema kilo 2. Nalo limepoteza kilo 2, kwa hiyo mawe haya yana ukubwa mmoja. Mkiyashika hewani tofauti ni kilo moja na kidogo, mtu anaweza kuipuuza. Lakini ndani ya maji, ambamo ndimo jiwe litafanya kazi maisha yake yote, la kwanza lina kilo 3.2 na la pili lina 2. Theluthi nzima na zaidi imetoweka.

Mtaro ule ule unaotaka jiwe la sentimita 21 la aina ya kwanza, utataka la sentimita 34 la aina ya pili. Tena hilo la pili likilowa na kukauka miaka mitatu minne linaanza kumeguka kama mkate. Sasa sikilizeni nyundo. La kwanza linalia kama kengele. La pili linasema "pu". Mnaponunua mawe, msimame kwenye lori na nyundo kabla halijamwaga. Likisha kumwaga mmekwisha kununua.

Na lundo lichanganyike. Wengi wanapenda mawe ya kipimo kimoja kwa kuwa yanapangika vizuri na kupendeza. Mawe ya kipimo kimoja yanaacha matundu makubwa, na tandiko linaonekana. Yawepo makubwa kufikia mara moja u nusu ya lile la katikati, na madogo ya kujaza mianya. Yawe na pembe, yashikane. Yale ya mviringo ya mtoni yanabingirika, na zaidi ya hapo, mkiyatoa mtoni mmeuondolea mto ngozi yake, na Mto Nairobi na vijito vyake vimekwisha kuchubuliwa vya kutosha. Unene wa tabaka zima usipungue jiwe kubwa kuliko yote mliyonayo, au mara moja u nusu ya lile la katikati, kile kitakachozidi.

Nitakaa kidogo kwenye mwendo wa maji, kwa maana hapa ndipo Nairobi inaumia. Tangu karne ya 19 wahandisi wanajua kwamba ukiongeza mwendo wa maji mara 2, upana wa jiwe litakalovumilia unatakiwa kuwa mara 4, na uzito wake mara 64. Sikukosea, 64. Jiwe la kilo moja lililokuwa linatosha, sasa mnataka la kilo 64.

Na mitaa yetu inaongeza maji na mwendo kila mwaka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka Kawangware, Kangemi na Dagoretti hii hii zikiwa na mashamba. Chukua hekta moja, ekari mbili na nusu hivi, na mvua kali inayonyesha kwa kiwango cha milimita 60 kwa saa. Shamba lenye mimea linaweza kumwaga lita 50 kwa sekunde, mengine linayanywa. Lijaze mabati, zege na lami, litamwaga karibu lita 150. Mawingu ni yale yale, mtaro ni ule ule, maji ni mara 3, tena yanafika yote kwa pamoja. Masika ya 2024, Aprili na Mei, tuliona watu wa Mathare na Mukuru wakibebewa nyumba na mito inayolishwa na mitaro kama hii yetu ya huku juu. Sisi tunaoishi mgongoni mwa jiji tunawapelekea walio bondeni maji yetu, na jinsi tunavyoyapeleka ni jukumu letu.

Kwa hiyo kabla ya kununua jiwe kubwa zaidi, jiulizeni kama mnaweza kuyapunguza maji hasira. Njia ya kwanza ni upana. Maji yale yale yakitandazwa yana kina kidogo, na mmeona kina kimo ndani ya hesabu. Najua nafasi ni haba, kiosk kimoja hapa, nguzo ya stima pale. Pale mnapopata mita moja zaidi, ichukueni.

Njia ya pili ni ngazi. Mtaro wetu wa mita 4 kwa 100, uchimbeni ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa 100, na kila baada ya mita 20 wekeni kizingiti cha kushuka sentimita 60. Kina kitapanda kutoka sentimita 40 hadi kama 60, kwa kuwa maji yanakwenda taratibu, lakini mvuto kwenye sakafu utashuka kutoka kilo 16 hadi kama kilo 6. Jiwe la sentimita 10 au 11 sasa linatosha kati ya ngazi na ngazi. Zile hasira hazikupotea, zimekusanywa pale chini ya kila kizingiti, na pale ndipo mnaweka mawe makubwa, au gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, na kitanda cha mawe cha kupokea anguko. Badala ya kulinda mita 100 kwa mawe ya gharama, mnalinda sehemu nne au tano. Ndugu zetu wa Ukambani wamelijua hili kwa makinga maji ya fanya juu, yale matuta ya udongo unaotupwa upande wa juu wa mfereji: kata mteremko vipande, usiache maji yapate mbio.

Mzee wangu pale mbele ameinua mkono. Tafadhali, mzee.

Mzee anasema: "Binti yangu, hizo hesabu ni nyingi. Mbona tusimwage zege tu tumalize?"

Swali zuri, mzee, na silikwepi. Zege ni laini, maji yanateleza. Katika mteremko mmoja, maji yale yale yakipita kwenye zege yanakwenda karibu mara 2 ya mwendo wa kwenye mawe. Sasa rudini kwenye ile 64. Zege yenu haitaumia, atakayeumia ni yule anayeishi pale zege inapoishia. Kuna mahali zege ndiyo sawa, vichochoro ambavyo hata mkokoteni haupiti, huko hakuna nafasi ya mawe. Lakini kitu kimoja lazima nikubali upande wa zege: kwa kuwa mawe yanachelewesha maji, mtaro wa mawe unahitaji nafasi karibu mara 2 ya ule wa zege ili ubebe maji yale yale. Nimeona watu wakibomoa mtaro wa zege, wakapanga mawe ndani ya shimo lile lile, halafu wakashangaa maji yakiingia madukani. Ukibadilisha ngozi ya mtaro, pima upya mwili wake.

Kuhusu kupanga mawe na kuyaunga kwa saruji, namna ambayo wengi wenu mmeizoea. Kwenye udongo mwekundu, mkiacha matundu ya kupumulia kila mita moja u nusu au mbili na kuweka kokoto nyuma ya kila tundu, mtaro wa namna hiyo unaweza kudumu. Kwenye udongo mweusi wa pamba, kule Kasarani, Njiru, Embakasi, mimi siupendi. Udongo ule Januari na Februari unapasuka mpaka mkono unaingia, Aprili unavimba. Saruji haijui kuvimba wala kusinyaa, inajua kupasuka tu. Ufa ukisha kutokea maji yanaingia nyuma, na kwa kuwa juu pameshikana kama sahani, pango linakua bila mtu kuliona. Mawe yasiyoungwa yana rehema moja: udongo ukibonyea chini yake nayo yanashuka, yanaziba shimo, na unaona kwa macho kwamba mtaro umebonyea. Unaleta toroli mbili za mawe, unarekebisha.

Najua mtakachosema, mawe yasiyoungwa yanaibwa. Ni kweli. Mtu anajenga msingi usiku, mtaro wa jirani ndio duka lake. Sina dawa kamili. Jiwe la sentimita 30 la aina ile ya kijivu lina karibu kilo 37, halibebwi kwa urahisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuweka makubwa kwenye kingo za juu. Njia nyingine ni kuunga baadhi tu, madoa ya saruji hapa na pale yanayofunga mawe mawili matatu na kuacha mianya mingine wazi. Lakini kikubwa ni wakazi kujua mtaro ni wa nani. Pale ambapo kikundi kimoja kilichimba, kikapanga na kikalipwa kuutunza, sijaona mawe yakipotea sana. Taka nazo ziondolewe kabla ya mvua ya kwanza, maana mfuko mmoja wa plastiki ukinaswa kati ya mawe unakusanya wenzake, na bwawa dogo la taka linageuza maji yapande ukingo upande usio na mawe.

Nimebakisha jambo ambalo ningeweza kulianza nalo, miisho. Mtaro una mwanzo, una mwisho, una kingo mbili za juu. Hizo ni sehemu nne ambazo jiwe la mwisho halina jirani. Mwanzoni maji yanaingia yakitoka barabarani au kwenye kalvati, na yakikuta mpaka kati ya udongo na jiwe yanachungulia chini yake. Chimbeni handaki dogo la kukata mtaro, lenye kina kama mara mbili ya unene wa tabaka la mawe, mkunje kitambaa ndani, mlijaze mawe. Mwishoni fanyeni vivyo hivyo, lakini kwa ukarimu zaidi, kwa sababu huko ndiko maji yanakoacha ngozi ya mawe na kuingia kwenye udongo mtupu wa mtu mwingine. Upanueni mdomo wa mtaro utandaze maji, na mmwage mawe ya ziada yanayoweza kushuka yenyewe kama shimo litachimbika mbele yake. Kingoni, mawe yapande juu ya kina cha maji kwa sentimita 20 au 30, yazikwe ukingoni yasawazike na ardhi. Yakibaki yameinuka kama ukuta, maji ya pembeni yanakosa pa kuingilia, yanatembea nyuma ya mawe, na mtakuwa mmechimba mtaro wa pili msioujua. Kingo zenyewe zisisimame wima. Kwa kila mita moja ya kwenda juu, ukingo ulale mita mbili kwenda pembeni mkiwa na nafasi, na isipungue moja u nusu.

Mtaro ule wa ujana wangu tuliujenga upya mwaka uliofuata. Yule fundi ndiye niliyemwomba asimamie tandiko, na nilimwambia mbele ya mkandarasi kwamba hakuna jiwe litakalowekwa kabla yeye hajasema ndiyo. Kokoto ilichelewa tena, siku tisa. Tulingoja siku tisa. Mama muuza mboga alijengewa ukuta, choo na banda, na kila nikipita huko ananiuliza kama nimeukagua mtaro, nami nakuwa nimeukagua.

Sasa tuna kama nusu saa kabla ya giza. Nyuma ya ukumbi huu kuna mtaro wa mawe, nimeupita nikiingia, juu unapendeza. Vijana wawili wachukue mtaimbo huu, fundi mmoja abebe nyundo. Tutashuka mpaka kwenye bomba linalomwaga mtoni, tuanzie huko mwisho, tupande nao jiwe kwa jiwe, na kila penye mwanya mtaimbo uingie.